Sikuwa nakunywa kwa starehe

Kuna watu wakisikia mtu anapenda wa jinsia yake na anakunywa sana wanasema aah si ndo maisha yao hayo, starehe tupu. Mi ni mwanaume napenda wanaume, hayo maisha nimeyaishi, na starehe ilikuwa kidogo sana. Pombe yangu nyingi niliinywa kabla hata sijatoka chumbani. Kukiwa na shughuli ya familia nashusha mbili tatu kwanza ndo naenda, maana lazima kuna shangazi atauliza unaoa lini na nikiwa mkavu sauti inanikimbia. Kwenye simu mpenzi wangu nilimsevu "Fundi Bomba" na bado simu ikiita mezani moyo unapasuka. Sasa ishi hivyo miaka, kila neno unalipima kabla halijatoka, uone kama jioni hutatafuta kitu cha kukulegeza.

Hiyo hali wataalamu wanaijua. Mwaka 2003 Ilan Meyer, mtafiti wa Marekani, alieleza kwamba watu kama sisi tunabeba msongo wa ziada juu ya ule wa kila mtu: kubaguliwa, kukaa roho juu ukisubiri kubaguliwa hata siku hujaguswa, kujificha, na zile chuki za watu zinavyokuingia mpaka unajichukia mwenyewe. Kumpenda unayempenda sio ugonjwa, Shirika la Afya Duniani lilishautoa kwenye orodha yake ya magonjwa tangu 1990. Kwaiyo akitokea mtu, awe daktari awe nani, anasema atakubadilisha kwanza ndo pombe iishe, ondoka. Hizo tiba hazibadilishi mtu, zinamwachia sonona tu.

Na wazazi mnaosoma, hii ni yenu. Utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake wa 2009 ulikuta vijana waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kusema waliwahi kujaribu kujiua, na mara 3.4 wa kutumia dawa za kulevya, ukiwalinganisha na ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Wanaopenda jinsia zote mbili nao tafiti nyingi zinaonyesha wana hali mbaya kuliko hata sisi, na sishangai, huku wanaambiwa chagua upande kule wanaambiwa muongo.

Sasa ukitaka msaada, pombe na akili vitibiwe pamoja. Mshauri asiyejua unaficha nini atakuuliza kwa nini unakunywa, wewe utasema kazi, basi mtazungumzia kazi hadi mwisho. Ila usimwage yote siku ya kwanza. Muulize kwanza, nikikwambia mambo ya mahusiano yangu unaandika wapi na nani anasoma? Muangalie usoni anavyojibu, akianza kukuhubiria umeshapata jibu.

Kama unakunywa kila siku tena nyingi usiache ghafla peke yako, arosto ya pombe inaweza kukuletea degedege na inaua, muone daktari akushushe taratibu. Vidonge vya usingizi na pombe usichanganye kabisa, pumzi inaweza kukata. Na ukipewa dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, usizitupe siku ya tano.

Wale wanaosema jitangaze uwe huru, mi siko nao. Kama unaishi kwa mtu anayeweza kukufukuza usiku huohuo, au sheria ya ulipo inafunga watu, usalama kwanza. Mtu mmoja anatosha kuanza. Wangu alikuwa dada yangu, alinyamaza siku kadhaa afu akapiga kuuliza kama nimekula, hakuna zaidi, na siku ile sikunywa.

Kitu kigumu ambacho hawakisemi ni kwamba sehemu nyingi wenzetu tunakutana baa tu, kwaiyo kuacha pombe ni kama kuacha na marafiki. Tafuta hata mmoja wa kukutana nae mchana.

Na kama mawazo ya kujiua yameshaanza, mwambie mtu leo, kwa maneno hayohayo, nataka kujiua, usizunguke. Vidonge akae navyo yeye, na usiku huo usiguse pombe maana ukilewa kutoka kuwaza hadi kufanya ni dakika tu. Akiweza alale hapohapo na asubuhi muende wote hospitali.