Maswali Yenu: Mshtarii na Miezi Yake Inayohama

SWALI: Mwanzoni mwa mwezi huu wa Mei 2026, majira ya saa moja na nusu usiku, nilitoka uani hapa Uyole, Mbeya, nikiwa na darubini ya macho mawili ambayo mjomba wangu huitumia kutazama ndege. Niliielekeza kwenye nyota kubwa iliyotulia upande wa kaskazini-magharibi, nikaona vinukta vitatu vya mwanga vimejipanga kandokando yake katika mstari mmoja. Usiku uliofuata vilikuwa vinne, na mpangilio wake haukuwa ule wa jana. Je, ni ubovu wa vioo, au nimeona miezi ya sayari ya Mshtarii (Jupita) kweli?

Msomaji wa Uyole

JIBU: Ndugu msomaji, vioo vya mjomba wako ni vizima na macho yako pia. Umeona jambo lilelile aliloliona mwanaastronomia Galileo Galilei katika mji wa Padova, Italia, tarehe 7 Januari 1610, alipoelekeza darubini yake kwa Mshtarii na kuona vinukta vitatu, viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili. Usiku uliofuata alivikuta vyote vitatu vimehamia upande mmoja, na tarehe 13 akaona cha nne. Hakuwa na kitabu cha kumweleza maana yake. Alichokuwa nacho ni michoro aliyoichora usiku baada ya usiku, na michoro hiyo ndiyo iliyomthibitishia kwamba vinukta vile vinaizunguka sayari ile, wala si nyota zilizotulia nyuma yake.

Miezi hiyo minne, kuanzia ulio karibu zaidi na sayari, ni Io, Europa, Ganimedi na Kalisto. Io humaliza mzunguko mmoja kwa saa 42 na nusu hivi, Europa kwa siku tatu na nusu, Ganimedi kwa siku saba, na Kalisto kwa siku 17 kasoro kidogo. Kwa kuwa mizunguko yao tunaitazama kwa ubavu, kama mtu anayetazama sahani iliyoinuliwa usawa wa jicho, hatuioni miezi ikizunguka bali tunaiona ikienda na kurudi katika mstari. Ule uliokosekana usiku wa kwanza huenda ulikuwa mbele ya Mshtarii, nyuma yake, ndani ya kivuli chake, au umemezwa tu na mng'ao wake. Mara nyingi anayepotea hivyo ni Io, kwa sababu hausogei kutoka katikati ya sayari zaidi ya upana wa sayari yenyewe mara tatu, ilhali Kalisto hufika hata mara 13. Kwa hakika miezi hii si hafifu: kama mng'ao wa Mshtarii usingeizidi nguvu, mtu mwenye macho makali angeiona bila chombo chochote katika giza la uwanda wa juu wa Kitulo.

Jambo moja linahitaji kuelezwa kwa msomaji wa nyanda za juu, kwa kuwa vitabu vingi vimeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali. Vitabu hivyo huchora miezi imelala, kushoto na kulia. Kwetu, karibu na Ikweta, sayari huchomoza na kuzama karibu wima, na kwa hiyo Mshtarii anapokuwa chini upande wa mashariki au magharibi, miezi yake husimama juu na chini yake kama vipago vya ngazi, kisha hulala anapofika juu kabisa. Usishangae basi ukikuta mchoro wako umesimama na wa kitabuni umelala.

Ninakusihi uchore. Duara dogo katikati ya ukurasa, vinukta mahali pake, tarehe na saa pembeni, hakuna zaidi. Mikono ikitetemeka, na katika baridi ya Mei hutetemeka, egemeza viwiko juu ya ukuta au shikiza darubini kwenye mpini wa ufagio uliosimamishwa ardhini, na vinukta vilivyokuwa vikicheza vitatulia mara moja. Iache darubini nje kama nusu saa kabla ya kutazama ili ipoe, na usipumulie vioo. Ukungu ukishika, subiri ukauke wenyewe. Kuvifuta kwa upindo wa khanga huacha mikwaruzo isiyotoka. Wala usiinue darubini kabla jua halijazama kabisa, kwa maana kulitazama jua kupitia vioo hivyo, hata kwa sekunde moja, kunaweza kukupofusha.

Usimchanganye Mshtarii na Zuhura, iliyo chini zaidi na inayong'aa zaidi jioni hizi. Zitakaribiana sana karibu na tarehe 9 Juni. Zuhura haina mwezi hata mmoja.

SWALI: Desemba iliyopita, usiku mmoja mvua ilipopumzika, niliwaonyesha wanafunzi wangu Mshtarii kwa darubini ndogo ya kusimika, sayari ikiwa bado upande wa mashariki. Mwezi uliokuwa juu yake ulififia kwa dakika chache kisha ukatoweka, na haukuwa umegusa ukingo wa sayari. Wanafunzi waliniuliza umekwenda wapi, nami sikuwa na jibu.

Mwalimu, Njombe

JIBU: Mwalimu, uliingia kivulini. Mshtarii, kama Dunia, hutupa kivuli upande usioelekea jua, na mwezi unaopita humo hukosa mwanga wa kuakisi, ukazimika pale pale ulipo. Wakati huo tulikuwa bado hatujafika tarehe 10 Januari 2026, siku ambayo Dunia ilipita katikati ya jua na Mshtarii, na kwa hiyo kivuli kilionekana kuangukia upande wa magharibi wa sayari. Na sayari inapochomoza, magharibi yake ndiyo juu. Ndiyo maana mwezi wenu ulizimikia juu, mbali kidogo na ukingo. Baada ya siku hiyo kivuli kimehamia upande wa pili.

Waambie wanafunzi kwamba kuzimika huko kuliwahi kutumika kupimia mwanga wenyewe. Mwaka 1676 Ole Rømer, mwanaastronomia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, alieleza kwamba Io huonekana kupatwa mapema kuliko hesabu Dunia inapomkaribia Mshtarii, na kuchelewa inapojitenga naye. Akatambua kwamba si Io unaochelewa, bali habari yake: mwanga unahitaji muda kusafiri. Alikadiria kwamba unachukua dakika 22 kuvuka upana wa njia ya Dunia kulizunguka jua. Leo tunajua ni dakika 16 na sekunde 40 hivi. Kwa hiyo mlichokiona Njombe kilikuwa kimekwisha kutokea zaidi ya nusu saa kabla.

SWALI: Je, nikinunua darubini nitaliona lile Doa Jekundu la Mshtarii?

Msomaji wa Iringa mjini

JIBU: Kwa darubini ya kusimika yenye kioo cha milimita 60 hadi 80 utaona mikanda miwili ya mawingu. Doa, ambalo ni dhoruba kubwa katika mawingu hayo, huhitaji kioo cha milimita 100 au zaidi, hewa tulivu na subira, kwani Mshtarii hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, na kwa nusu ya muda huo doa huwa upande wa pili. Usivutiwe na tangazo la kukuza mara 500. Ubora wa chombo ni upana wa kioo na uthabiti wa miguu yake. Tena hakuna haraka. Mshtarii atakuwa mkabala na jua, yaani Dunia ikiwa katikati yao, Februari 2027, Machi 2028 na Aprili 2029, miezi ambayo kwetu ni ya mvua, lakini Mei 2030 na Juni 2031 itakuwa zamu ya kiangazi, naye atapita usiku wa manane karibu na utosi wa Iringa na Mbeya.