Tundu la ribiti limeharibika, nifanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Malindi, najenga ndege ya alumini ya watu wawili, sasa juzi natoa ribiti mbovu ya milimita 2.4 drili ikateleza, tundu limekuwa kama namba nane. Jirani asema nijaze epoksi nipige rangi yaishe. Nimsikize?

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Hapana, achana naye, epoksi haibebi mzigo wa ribiti na ukishapiga rangi hata mkaguzi haoni kilichoko chini. Safisha tundu uliangalie kwa lenzi, ukiona ufa simama hapo hapo, hiyo sasa ni kazi ya kiraka au bati jipya. Hakuna ufa? Pima toka katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati, isipungue mara mbili ya kipenyo cha ribiti, yaani ukipanda hadi ribiti ya 3.2 unataka milimita 6.4. Ikitosha panua kwa biti namba 30, ile ya ribiti ya 3.2, kisha toa makali pande zote mbili. Kama ni ribiti ya kichwa bapa, kile kinacholala sawa na bati, tafuta aina iitwayo NAS1097, shina ni 3.2 lakini kichwa kidogo, chakaribia kile cha 2.4, kwa hiyo hutachimba bati zaidi, mimi naipenda sana hii. Tundu likibaki na umbo la yai hata baada ya kupanua, usilazimishe. Na mhimili wa bawa usiuguse kabla hujamuuliza aliyechora ndege. Halafu chumvi ya huko kwenu waijua, paka praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndani ya tundu kabla hujagonga ribiti.