Kabla hujachomwa moyo, uliza vena zako zimekaaje

Mgonjwa wa fibrileshoni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga kwa mpangilio, akiambiwa dawa zimeshindwa na sasa inabidi achomwe kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, swali lake la kwanza huwa bei. La pili liwe hili: vena zangu za mapafu ni ngapi, na zinaingiaje moyoni?

Vitabu huchora nne, mbili kila upande, zikimwaga damu ya mapafuni katika atria ya kushoto. Mwaka 1998 timu ya Michel Haïssaguerre huko Bordeaux, Ufaransa, ilionyesha kwamba cheche nyingi za umeme zinazowasha ugonjwa huu hutokea ndani ya vena hizo, maana misuli ya moyo huzifunika kwa nje kama mkono wa shati. Kwa hiyo daktari hakimbizani na kila cheche. Kwa kuchoma au kugandisha, anauzungushia mdomo wa kila vena kovu, umeme ubaki humo humo.

Tatizo ni kwamba watu wengi hawafanani na kitabu. Zile mbili za kushoto huweza kuungana zikaingia kwa shina moja. Kulia huweza kuwepo vena ya tatu, inayotoka sehemu ya kati ya pafu. Hayo ni maumbile tu, kama mwanya wa meno, ila vifaa vinayahisi. Puto la kugandisha linalotumika sana lina kipenyo cha milimita 28. Shina likiwa pana kuliko hapo, puto haliuzibi mdomo: damu ya moto inapenya pembeni, baridi haishiki, na kovu linabaki na pengo. Pengo dogo tu linatosha umeme kupita. Kwa shina la namna hiyo, katheta ya mawimbi ya redio, inayochoma nukta baada ya nukta, hufuata umbo lolote lile. Vena ya tatu ya kulia ina hatari nyingine. Ni nyembamba, na ikichomwa ndani badala ya mdomoni, husinyaa.

Jirani na vena ya juu ya kulia hupita neva ya freniki, inayoendesha kiwambo cha kupumulia. Wakati wa kugandisha upande huo, timu huichokoza kwa umeme huku mkono ukiwa juu ya tumbo la mgonjwa. Kiwambo kikianza kuruka kwa unyonge, kugandisha kunasimamishwa papo hapo. Uliza kama wanafanya hivyo. Timu nzuri haichukii swali.

Ramani ya vena hupatikana kwa CT ya moyo (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) yenye kontrasti, dawa ya kung'arisha mishipa inayodungwa. Peleka kipimo kipya cha kreatinini, kinachoonyesha hali ya figo, taja mzio wowote, na sema kama unameza metformini, dawa ya kisukari. Ripoti itaje idadi ya vena, kipenyo cha kila mdomo kwa milimita, na zinapoanza kugawanyika. "Vena za kawaida" peke yake si ripoti.

Dawa ya kuzuia damu kuganda imezwe wiki 3 mfululizo kabla, bila kuruka hata siku moja, na angalau miezi 2 baada, hata kama mapigo yametulia. Mwenye valvu ya mitrali, mlango wa upande wa kushoto wa moyo, iliyobana kwa homa ya rumatiki, na kwetu hawa ni wengi, abaki kwenye warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia kuganda, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ikiwa kati ya 2 na 3. Utafiti wa INVICTUS wa 2022 ulikuta waliopewa rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya aina hiyo, katika hali hiyo wakifa zaidi.

Mapigo kuvurugika tena ndani ya miezi 2 au 3 ya kwanza hakumaanishi tiba imeshindwa. Kidonda bado kinapona. Homa, maumivu ya kumeza au dalili za kiharusi katika wiki za mwanzo ni jambo jingine kabisa: huenda umio, ulio nyuma tu ya atria, umetoboka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usikubali kuingizwa kamera ya tumbo, kwa sababu hewa inayopulizwa inaweza kuingia moyoni. Kinachohitajika kwanza ni CT ya kifua.

Kikohozi, pumzi fupi au makohozi yenye damu miezi kadhaa baadaye huweza kuwa vena iliyosinyaa. Zahanati nyingi zitafikiria nimonia au kifua kikuu, kwa hiyo taja mapema kwamba uliwahi kuchomwa moyo, na uonyeshe ile CT ya kwanza ili ilinganishwe na mpya.