Maswali ya Wasomaji: Je, Muuzaji wa Duka la Teknolojia Ana Mustakabali?

SWALI: Mhariri, nimeuza konsoli (mashine za kuchezea michezo ya video) na diski za michezo hiyo dukani kwa miaka sita. Siku hizi wateja huja kuuliza tu, kisha hununua mtandaoni. Je, nibadilishe kazi?

JIBU: Ndugu msomaji, wasiwasi wako una msingi. Netflix, iliyoanza kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ilianza kuonyesha filamu kupitia intaneti mwaka 2007 na ikaacha kabisa kutuma DVD mwaka 2023. Nayo konsoli ya PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa na toleo lisilosoma diski. Sitakuficha: diski haitarudi kuwa nguzo ya duka lako.

Hata hivyo, usikimbilie kuacha kazi. Anayepakua mchezo kwa kawaida hupata leseni ya kuutumia tu, wala hawezi kuuazima au kuuuza, jambo ambalo wanunuzi wengi (hasa wazazi) hawalijui. Stadia, huduma ya Google ya kucheza michezo ya video kupitia intaneti, ilipofungwa Januari 2023, michezo iliyonunuliwa humo haikuchezeka tena, ingawa fedha zilirudishwa. Muuzaji anayemweleza mteja hayo kabla hajalipa, akamuuliza kasi ya intaneti ya nyumbani kwake na kumwonyesha kama televisheni yake inaendana na konsoli anayoitaka, anatoa huduma ambayo ni vigumu kuipata kwenye ukurasa wa mauzo. Jifunze pia kufunga na kutengeneza vifaa, kwani hayo hayapakuliwi.