Shangazi, shemeji anataka nisaini wiki hii

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alifariki mwaka jana. Aliniachia fungu lake la haki za madini, yaani umiliki wa mafuta na gesi, chini ya shamba la wazazi wake huko Texas; fungu jingine ni la mdogo wake. Shamba lenyewe liliuzwa zamani, wakabakiza cha chini tu. Sasa kampuni tatu zimeniandikia. Moja inataka kukodi, mbili kununua, na moja kati ya hizo mbili imenipa siku 10. Shemeji anasema nachelewesha riziki ya familia. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kilichoniuma katika barua yako ni hilo neno "nachelewesha". Huchelewishi kitu. Mwenye haraka ni aliyeweka hizo siku 10, na sababu ya haraka yake unaweza kuiona mwenyewe. Fungua tovuti ya Tume ya Reli ya Texas. Jina lisikuchanganye, ndiyo inayosimamia visima vya mafuta na gesi jimboni humo. Angalia ramani yake: vibali vipya vya kuchimba vikiwa vimelizunguka shamba, ujue barua hizo hazikuja kwa bahati. Hapo hapo utaona kama anayetaka kukodi amesajiliwa kuendesha visima, au ni dalali atakayemuuzia mwingine mkataba wako. Dalali si lazima awe tapeli, lakini bei anayokupa ameshakata faida yake.

Kisha nenda kwa karani wa kaunti, kwa sababu hati za kuuza na kukodisha haki hizi husajiliwa huko. Tafuta majina ya kampuni hizo. Zilinunua kwa nani? Zimeshika mali, au ziliiuza wiki mbili baadaye? Watafute wawili watatu waliowahi kusaini nazo, uwaulize kama walilipwa, na lini.

Sasa itoe ile bahasha ya siku 10. Mara nyingi ndani kuna hati ambayo jina lako limeshaandikwa, na karatasi inayofanana kabisa na hundi. Soma maandishi madogo. Ukikuta kwamba italipwa ndani ya siku 30 za kazi za benki, baada ya wao kuridhika na umiliki wako, hiyo si hundi. Wewe utakuwa umeshasaini na kutuma hati, wao wana mwezi na nusu wa kumtafuta mnunuzi wa bei ya juu, na wasipompata wanaiacha hewani. Hati isitoke mikononi mwako, au mwa wakili wako, kabla fedha hazijaingia.

Ukiuza, haki imeondoka moja kwa moja, hairudi. Kukodisha kuna kikomo, mara nyingi miaka 3, na wasipochimba haki inakurudia. Lakini usipumbazwe na fedha ya kusaini, uliza mrabaha, yaani sehemu utakayolipwa ya mafuta yatakayotoka. Desturi ya zamani ilikuwa moja ya nane, na bado wapo wanaoiandika wakitumaini hujui. Siku hizi Texas wenye mali huomba hata robo. Kwa kila dola 100,000 za mafuta yanayohesabiwa fungu lako, hiyo ni tofauti kati ya 12,500 na 25,000. Uliza pia kama watakukata gharama za kusafirisha na kusafisha, maana huko ndiko mrabaha mnono unakolika kimyakimya.

Kuhusu shemeji, mwanangu, usigombane naye. Kwa sheria ya Texas kila mmoja wenu anaweza kukodisha au kuuza fungu lake bila saini ya mwenzake. Mwambie kwa upole: "Shemeji, chako hakinihusu, cha marehemu niache nikisome kwanza." Halafu mwombe mwende pamoja kwa wakili wa mafuta na gesi, mchangie ada. Huenda naye anapunjwa, ila hajaambiwa. Uniandikie umekuta nini kwa karani.