Mshahara wa fundi umeme: 390,000 kwa saa ngapi?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nina miaka 23, nimemaliza VETA ngazi ya tatu kwenye umeme wa majumbani, na leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ninayo. Mkandarasi mmoja hapa Mwanza ananilipa shilingi 390,000 kwa mwezi. Tunaingia saa moja na nusu asubuhi, tunatoka saa kumi na mbili jioni, chakula saa moja, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nikigusia nyongeza, jibu ni "wewe bado mdogo, jifunze kwanza." Nimwambieje?
Fundi, Mwanza

JIBU: Umri na ujuzi viache, maana hapo atakushinda kwa maneno. Mpelekee saa.

Ratiba yako ni saa 9 na nusu kwa siku, yaani 57 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ovataimu, inayolipwa mara moja na nusu. Kupata thamani ya saa moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 195 (ni saa 45 mara wiki 4.333). Yako ni shilingi 2,000, kwa hiyo ovataimu ni 3,000. Saa 12 za ziada kila wiki ni 36,000. Wiki nne, 144,000. Hizo ndizo hela unazomwachia bosi mezani. Tena katika wiki hizo nne umefanya saa 48 za ziada na kikomo cha sheria ni 50, kwa hiyo nafasi ya kukuongezea kazi imebaki saa mbili tu.

Basi mwambie hivi, kwa utulivu, mkiwa wawili: "Bosi, 390,000 kwa saa 45 nimeikubali. Zile saa 12 ama tuzilipe, ama nitoke saa kumi jioni." Saa kumi ndiyo inayokupa saa 45 kamili kwa siku sita. Hapo humwombi hisani, unampa njia mbili achague. Wakati mzuri ni kabla ya kuhamia saiti mpya, anapopanga watu. Ukisubiri mafundi wa plasta wawe mlangoni, ataona unamkaba.

Muulize pia kama 390,000 ni kabla ya makato. Mchango wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ni asilimia 20 kwa jumla, na sehemu yako haizidi asilimia 10, yaani 39,000. Wapo wanaomkata fundi zote 20. Drili ikiungua, asikate kimyakimya: akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Leseni ni hesabu ya peke yake. Namba yako ikikaa kwenye fomu ya wayaringi (kazi ya kutandaza nyaya za nyumba) inayopelekwa TANESCO, hitilafu itakutafuta wewe hata ukishaacha kazi. Dai posho kwa kila fomu, na usisaini nyumba ambayo hukuipima mwenyewe kwa mega (kipimo cha uzima wa nyaya).

Kuanzia leo andika kwenye daftari saa ya kuingia na kutoka, kila siku. Mkishindwana, madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na wengi hufika pale mikono mitupu.

SWALI: Nafanya wayaringi kwa pointi, yaani nalipwa kwa idadi ya sehemu za taa, swichi na soketi. Kila mteja ananiambia kuna fundi wa nusu bei. Nishuke mpaka wapi?
Kijana wa Mbagala

JIBU: Mpaka pale hesabu yako inapogota. Mfano: nyumba ya pointi 45, siku 9. Wewe 35,000 kwa siku, saidia fundi 15,000, nauli na vifaa vinavyolika 5,000. Jumla 55,000 kwa siku, 495,000 kwa kazi nzima, sawa na 11,000 kwa pointi. Chini ya hapo unamlipa saidia fundi kutoka mfukoni mwako.

Huyo wa nusu bei mara nyingi anahesabu vingine. Kwake taa na swichi yake ni pointi moja, kwako mbili. Andikeni kabla ya kuanza: swichi za ngazini ni pointi ngapi, jiko na hita (zenye waya mnene) zina bei gani, na nani anapasua ukuta. Tofali la saruji linakula muda kuliko la udongo.

Malipo yafuate hatua: asilimia 40 mabomba yakishalazwa, 40 waya zikishavutwa, 20 baada ya kupima. Ile ya kwanza ishike mkononi kabla ya plasta. Ujenzi husimama miezi, na plasta ikishafunika kazi yako huna cha kumwonyesha mteja. Kabla ya kuondoka ziba midomo ya mabomba kwa karatasi ya mfuko wa saruji, acha waya wa kuvutia ndani, piga picha kila ukuta. Bomba likija kuziba kwa udongo wa plasta, picha ndizo zitakazoamua nani analipa kuupasua tena.