Mtoto wa mwaka na nusu anunuliwe nini?

Dada, umeuliza umnunulie nini mwanao wa mwaka na nusu, na kama lile gari la rimoti aliloletewa na mjomba wake linamfaa. Gari liweke juu ya kabati kwanza. Umri huo kila kitu kinaishia mdomoni, na rimoti huenda ina zile betri bapa za duara, ndogo kama kifungo cha shati; akimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2. Halafu chukua lile bomba gumu linalobaki katikati karatasi ya chooni ikiisha, upimie vitu vyake: kinachopenya humo chaweza kumkaba, kisimfikie.

Hela peleka kwenye kitabu chenye kurasa ngumu, maana za kawaida atazichana tu. Wala usihangaike kumsomea neno kwa neno. Muulize, "Mbuzi yuko wapi?" Aonyeshe kwa kidole, nawe uitikie, "Mee!" Atang'ang'ania ukurasa uleule mpaka uchoke, vumilia.

Kuchora, mpe kalamu za nta zilizo nene, karatasi uibandike sakafuni kwa selotepu isimteleze. Muziki usinunue. Sufuria, mwiko na sauti yako vinatosha, ila majirani uwaombe radhi mapema.